Mahindi Yaliyolala Yanajuaje Juu Ni Wapi?

Haya jamani, tuanze. Mliosimama huko nyuma sogeeni, viti vipo. (Nimeiandika hotuba hii kama nilivyoisema siku ile, na pale nilipotoka njiani nimepaacha hivyo hivyo, maana mlioniomba mlitaka maneno yenyewe na sio muhtasari.)

Nianze na kitu ambacho kila aliyewahi kulima nafaka amekiona, na hata aliyepita tu kando ya shamba. Mvua kubwa na upepo usiku kucha, asubuhi mahindi yamelala. Yamelala kabisa, shina limelingana na ardhi, na mwenye shamba kashika kiuno hajui aanzie wapi. Sasa rudi pale baada ya siku mbili tatu. Kama shina halikuvunjika na mmea haujazeeka utakuta ncha zimeinuka, shina limepinda kwenye vifundo na kuanzia hapo kwenda mbele linatazama juu tena. Hakuna aliyelinyanyua. Ngano inafanya hivyo, shayiri, oti, mpunga, mtama, ukoo karibu wote una hiyo tabia.

Swali langu la leo ndo hilo tu: limejuaje juu ni wapi?

Naona mikono, na najua mnachotaka kusema, limefuata mwanga. Hata mimi nilidhani hivyo miaka mingi tu na sioni aibu kusema. Ila chukua mche wa mahindi, uweke kwenye boksi ambalo halipitishi mwanga hata chembe, ulaze ubavu, funga, nenda kalale. Kesho ukifungua umeinuka. Mwanga una kazi yake, sikatai, mmea unaufuata kweli, lakini hiki cha gizani ni kitu kingine, hiki ni mvutano wa dunia.

Na jaribio lililolionyesha hili vizuri ni la zamani sana. Mwaka 1806 kule Uingereza jamaa mmoja anaitwa Thomas Andrew Knight alifunga mbegu kwenye gurudumu linalosukumwa na maji ya kijito, likawa linazunguka mchana na usiku halisimami. Mbegu zikaota humo humo kwenye mzunguko. Mizizi yote ikaelekea nje, kule mzunguko unakotupia vitu, na machipukizi yote yakaelekea ndani, katikati ya gurudumu. Mbegu zenyewe zilikuwa maharage, sio nafaka, mnisamehe, lakini angalieni ametuachia nini: mmea hauna habari na dunia. Mmea unachojua ni kwamba kuna kitu ndani yake kinaangukia upande fulani, ukikizungusha kikaangukia upande mwingine, basi kwake chini imehama. Umeudanganya na umekubali.

Kwa hiyo swali linakuwa, ni kitu gani hicho kinachoanguka?

Ni wanga. Wanga huu huu ambao ndo sababu tunalima nafaka. Mwaka 1900 watu wawili, Haberlandt na Němec, kila mmoja kivyake, walisema kwamba kwenye seli fulani za mmea kuna vifuko vyenye punje nzito za wanga, na vifuko hivyo vinazama mpaka chini ya seli kama mchanga kwenye glasi ya maji. Ukigeuza mmea vinateleza na kutua upande mpya, na haichukui muda, ni dakika tu. Kwenye mzizi seli hizo ziko kwenye kofia ya ncha kabisa, Charles Darwin na mwanawe Francis walishaandika mwaka 1880 kwamba mzizi uliokatwa ncha unakuwa kama umepotea, haujui uende wapi. Kwenye shina la nafaka mambo ni tofauti kidogo, na hapa ndo utamu wa mada ulipo kwa hiyo nitakaa hapa.

Ukipitisha kidole kwenye shina la ngano au oti utasikia kauvimbe pale kwenye kifundo, kule ala ya jani inakoanzia. Wataalamu wanakaita palvinasi. Mmea ukiwa umesimama wima hako kauvimbe hakafanyi kitu cha maana, kametulia tu, seli zake zimeacha kukua. Shina likilala, kanaamka. Seli za upande wa chini zinaanza kurefuka, za upande wa juu zinabaki kama zilivyo, basi kwa hesabu ndogo tu shina linakunjika kwenda juu. Na angalieni, hakuna seli mpya zinazozaliwa pale, ni zile zile za zamani zinajivuta. Unaweza hata kukata kipande kifupi cha shina la oti chenye palvinasi moja, hakina majani, hakina mizizi, hakina suke, ukakilaza kwenye maji yenye sukari kidogo na kitapinda. Maana yake masikio, kichwa na misuli vyote viko humo humo kwenye kipande cha sentimita chache. Mnyama hana hiyo!

(Hapo kuna mtu alicheka akasema mjusi akikatwa mkia unacheza. Unacheza sawa, lakini haujui juu ni wapi.)

Sasa twende polepole maana hapa katikati ndo watu wanaruka hatua. Mara nyingi unasikia mtu anasema "mvutano wa dunia unabadilisha jeni." Jamani, hapana. Jeni hazibadiliki. Mahindi yaliyolala na yaliyosimama yana jeni zile zile herufi kwa herufi. Kinachobadilika ni jeni ipi inasomwa, kwa wingi gani, na kwenye seli zipi. Fikiria jeni kama kitabu kikubwa cha maelekezo ambacho kila seli inacho nakala yake nzima, lakini kila seli inafungua kurasa zake tu. Seli ikisoma ukurasa inatoa kanakala kadogo, ile RNA, na RNA inapelekwa kutengenezwa protini, na protini nyingine kati ya hizo ndo vimeng'enya, wale mafundi wanaokata na kuunga vitu ndani ya mmea. Kwa hiyo kati ya punje ya wanga kuanguka na kimeng'enya kuanza kazi kuna safari ndefu kidogo, na kila kituo kina mambo yake.

Kituo cha kwanza tulikijua kwa sababu ya mpunga mvivu. Sitanii, wanauita hivyo hivyo, mvivu. Tangu miaka ya 1930 kuna aina ya mpunga iliyojulikana ambayo machipukizi yake ya pembeni hayasimami, yanatambaa yamelala kama vile mmea umekata tamaa. Una afya, una wanga, una kila kitu, ila haunyanyuki. Mwaka 2007 ndo wakaikamata jeni yenyewe, wakaiita LAZY1, na baadaye ikaonekana mahindi nayo yana ya kwake na ikiharibika mahindi yanalala chini bila upepo wowote. Kilichokosekana kwenye mmea wa hivyo ni ujumbe, yaani wanga unaanguka vizuri tu lakini hakuna wa kupeleka taarifa. Halafu mwaka 2023 ikaonekana, kwenye kale kammea kadogo ka maabara kanakoitwa Arabidopsisi, jinsi inavyofanyika: protini za ukoo huo wa LAZY zinakaa juu ya vile vifuko vya wanga vyenyewe, zimepanda kama abiria, vifuko vikianguka upande mpya zinashuka na kuhamia kwenye utando wa seli upande ule ule, na pale zinaita wenzao wa kufungua milango ya homoni. Mimi niliposoma hiyo nilicheka peke yangu. Miaka zaidi ya mia moja watu wanagombana jiwe linaongeaje na utando, kumbe jiwe lina abiria.

Homoni yenyewe ni auksini. Na hapa nafaka zijisifu, maana auksini tumeijua kupitia mche wa oti, kile kifuniko chembamba kinachofunika chipukizi likiwa linatoboa udongo. Frits Went miaka ya 1920 alikata ncha za vifuniko hivyo, akaziweka juu ya vipande vya jeli, kisha akachukua jeli peke yake akaiweka upande mmoja wa kisiki na kisiki kikapinda. Kitu kimetoka kwenye ncha kikaingia kwenye jeli, na kitu hicho kinakuza. Basi shina likilala auksini inakusanyika zaidi upande wa chini. Kwenye shina auksini nyingi maana yake kua, kwenye mzizi auksini nyingi maana yake acha kukua. Ndo maana habari ile ile, upande ule ule wa chini, inapeleka shina juu na mzizi chini. Homoni moja, majibu mawili. Ukimuuliza mtu wa uhandisi atakwambia huo ni uvivu wa kubuni, mimi naona ni akili sana.

Kituo kinachofuata ndo cha jeni. Auksini ikiingia kwenye seli inakutana na protini inayoipokea, inaitwa TIR1, ilijulikana kama mpokezi mwaka 2005. Auksini inafanya kama gundi, inaunganisha TIR1 na walinzi fulani ambao kazi yao kila siku ni kukaa juu ya jeni na kuzizuia zisisomwe. Mlinzi akishaungwa pale anawekwa alama ya kutupwa, anaharibiwa, na jeni aliyokuwa ameikalia inaanza kusomwa. Mnaona? Auksini haiwashi kitu, inamfukuza aliyezima. Na ni haraka, jeni za kwanza kabisa zinaanza kuonyesha RNA nyingi ndani ya dakika chache. Kwa hiyo kwenye shina lile moja lililolala, upande wa juu na upande wa chini, umbali kati yao ni unene wa shina tu, kurasa zinazosomwa zinaanza kutofautiana.

Na kati ya kurasa hizo kuna moja ninayoipenda kuliko zote. Ni ya kimeng'enya kinachoitwa invatesi.

Invatesi kazi yake ni moja: inashika sukari ile ya kawaida inayosafiri kwenye mmea, sukrosi, inaikata vipande viwili, glukosi na fruktosi. Basi, hiyo tu. Lakini hebu fikirini kinachotokea. Ndani ya seli ulikuwa na molekuli moja, sasa una mbili. Maji yanafuata wingi wa molekuli zilizoyeyuka, hayajali ni kubwa au ndogo. Kwa hiyo seli iliyokata sukari yake inavuta maji zaidi, inajaa, inasukuma ukuta wake kutoka ndani. Juu ya hapo glukosi na fruktosi ni kuni na ni tofali, unazichoma upate nguvu na unazitumia kujengea ukuta mpya. Kimeng'enya kimoja, faida tatu. Watafiti waliofanya kazi na palvinasi za oti walikuta invatesi inafanya kazi zaidi upande wa chini kuliko wa juu baada ya kulazwa, na kwenye mahindi mwaka 2002 ilionyeshwa kwamba auksini na RNA ya jeni mojawapo ya invatesi zinapanda zaidi upande wa chini wa palvinasi. Yaani wanga unaanguka, auksini inahama, jeni inasomwa, sukari inakatwa, maji yanaingia, shina linainuka. Mnyororo mzima unaanza na wanga na unaishia kwenye sukari, vitu ambavyo kimsingi ni ndugu.

Ila hapa naomba tutofautishe vitu viwili maana hata kwenye maandishi ya wasomi vinachanganywa. RNA kuwa nyingi ni kitu kimoja, kimeng'enya kufanya kazi ni kingine. RNA unaipima kwa kuhesabu nakala. Kazi ya kimeng'enya unaipima kwa kuponda kipande cha shina, kuweka sukrosi, na kuona glukosi ngapi inatoka kwa muda gani. Kati ya hizo mbili kuna mengi: protini inachukua muda kutengenezwa, invatesi ina protini nyingine za kuizuia zinazoishikilia isifanye kazi, na aina ile inayokaa kwenye kifuko kikubwa cha maji ndani ya seli inataka mazingira yenye uchachu, asidi asidi hivi, bila hivyo imelala. Kwa hiyo mtu akikuletea orodha ya jeni mia tano zilizopanda na akasema vimeng'enya vyote hivi vimeongezeka kazi, mwambie kaponde kwanza.

Sasa ukuta. Maji yanasukuma kutoka ndani lakini seli ya mmea imefungwa na ukuta mgumu, ukuta usipolegea kusukuma hakusaidii. Auksini inafanya pampu zilizo kwenye utando zitoe asidi kwenda ukutani, asidi inaamsha protini zinaitwa ekspansini zinazolegeza mishikamano, na kuna vimeng'enya vingine vinavyokata na kuunga upya minyororo ya sukari ya ukutani. Nafaka kama majani yote ya jamii ya nyasi zina ukuta wa aina yake, una beta-glukani ya kipekee, nayo ni mnyororo wa sukari, na una asidi feruliki inayoshika minyororo miwili na kuifunga pamoja kama waya. Hiyo feruliki muiweke akilini, tunarudi kwake tukienda angani.

Kabla hatujapaa, kuna jambo la muda ambalo lilinisumbua. Kwenye palvinasi ya mahindi kuna molekuli ndogo ya kupeleka taarifa, IP3, inaanza kupanda na kushuka ndani ya sekunde kama kumi baada ya kulaza shina. Sekunde kumi! Lakini shina lenyewe la mahindi linaanza kupinda baada ya masaa mengi, nane hivi au zaidi. Oti ni mwepesi, nusu saa hivi unaanza kuona kitu. Mahindi yanafanya nini masaa yote hayo? Jibu lililopo ni kwamba kuna mawimbi mawili: la kwanza la haraka linapita, halafu linakuja la pili la polepole upande wa chini ambalo linapanda na kukaa kwa masaa kabla kupinda hakujaanza. Mimi naona, na haya ni mawazo yangu, kwamba mmea unathibitisha. Shina linayumba na upepo siku nzima, likiinama sekunde ishirini na kurudi hakuna sababu ya kufungua jeni na kuchoma sukari. Kurefuka kwa seli hakurudi nyuma, ukishajivuta umejivuta. Kwa hiyo habari inapokelewa papo hapo, uamuzi unasubiri. Wangapi hapa tungefaidika na palvinasi, basi tuendelee.

Njia ya kujua kitu kinafanya nini ni kukiongeza na kukipunguza. Kuongeza mvutano ni rahisi, unaweka miche kwenye mashine ya kuzungusha kwa kasi mpaka inahisi uzito mara 300 ya ule wa kawaida. Mara 300! Na inaishi. Miche ya mahindi ikikua hivyo inakuwa mifupi na kuta zake zinakaza, na kwenye ngano ile mifungo ya feruliki inaongezeka. Mmea unajenga kama mtu anayejua paa litabeba mzigo.

Kupunguza ndo kazi. Hapa chini huwezi kuzima mvutano. Kuna kifaa kinaitwa klinostati kinachozungusha mche polepole ili chini iwe inahamahama na wanga usipate pa kutua, kinasaidia sana lakini mvutano upo pale pale, umeuchanganya tu mmea. Ndege maalum zinazopanda na kushuka zinakupa sekunde ishirini na kitu za kuelea, muda ambao hautoshi hata RNA kuanza kubadilika. Kwa hiyo unapanda juu. Na hapo niseme kitu kimoja haraka maana kila nikikisema kuna mtu anabisha: kwenye kituo cha anga, kilomita 400 hivi juu, mvutano wa dunia bado upo, kama asilimia 90 ya huu wa hapa. Watu wanaelea kwa sababu kituo chenyewe kinaanguka daima kikiizunguka dunia na wao wanaanguka nacho. Wanga ndani ya seli nao unaanguka pamoja na seli yake, kwa hiyo hautui popote. Kwa mmea hiyo ni sawa na hakuna chini.

Mwaka 1998 kwenye safari ya chombo cha anga cha Marekani, STS-95, ile aliyorudi nayo mwanaanga John Glenn angani akiwa na miaka 77, kulikuwa na miche ya mpunga. Vile vifuniko vya chipukizi vilirefuka zaidi kuliko vya ardhini, kuta zilikuwa nyembamba na zinavutika kirahisi, na kimeng'enya kinachovunja beta-glukani kilikuwa kinafanya kazi zaidi. Baadaye kwenye Kituo cha Anga cha Kimataifa wakaangalia feruliki kwenye mpunga, matokeo yakatoka mwaka 2015: mifungo imepungua, jeni kadhaa za peroksidesi zimesomwa kidogo, na kazi ya peroksidesi iliyoko ukutani nayo imeshuka. Peroksidesi ndo fundi anayekaza hizo waya. Hapa mnaona jeni na kimeng'enya vimepimwa vyote viwili na vinakubaliana, ndo maana naiamini hiyo kazi kuliko orodha ndefu nyingine nilizosoma. Ngano kwenye mashine ya kuzungusha feruliki juu, mpunga angani feruliki chini, hadithi inakaa.

Lakini nisiwadanganye kwamba angani kila kinachotokea ni mvutano, na hapa kuna kisa kizuri. Miaka ya 1996 na 1997 kwenye Mir, kituo cha anga cha Urusi, walipanda ngano fupi sana, Super Dwarf. Ikaota, ikakua, ikatoa masuke, watu wakafurahi. Masuke yote matupu. Hakuna punje hata moja. Ukiwa na haraka unaandika: bila mvutano ngano haizai. Walipochunguza wakakuta ni ethilini, ile gesi inayoivisha matunda, ilikuwa imejaa kwenye hewa ya ndani ya kituo, na hapa chini ukiipa ngano ile gesi kwa kiwango kama kile inakuwa tasa vile vile. Mwaka 1998 kuingia 1999 wakapanda ngano nyingine, Apogee, ikatoa punje pale pale Mir. Na mwaka 2022 kwenye kituo cha China mpunga ulipandwa ukatoa mbegu mpya ndani ya siku 120, ukapinda pinda machipukizi yake kwa nje zaidi kama mpunga mvivu, lakini ukazaa.

Ndo maana nikiona utafiti wa angani naangalia kitu kimoja kwanza: je, walikuwa na mashine ya kuzungusha huko huko juu, ili miche mingine ipate uzito wa kawaida ikiwa kwenye hewa ile ile, mtetemo ule ule, mionzi ile ile? Bila hiyo hujui jeni imepanda kwa sababu ya mvutano au kwa sababu hewa haitembei. Maana hili nalo watu hawalifikirii, hewa ya moto hupanda kwa sababu ni nyepesi, na uzito usipokuwepo haipandi, kwa hiyo joto, mvuke na gesi vinabaki vimeganda pembeni ya jani mpaka uweke feni. Jani linajisikia limefungiwa kwenye mfuko. Jeni za shida zinawaka, na mtu anaandika "jeni za mvutano."

Sasa mtaniuliza, haya yote yana faida gani kwa mtu asiyeenda angani. Faida ipo kwenye pembe. Pembe ambayo mzizi unashuka nayo na pembe ambayo chipukizi linapanda nayo ni jinsi mmea unavyousikiliza mvutano. Mpunga wa IR64 uliosambaa sana una mizizi inayotambaa juu juu, na mwaka 2013 ikajulikana sababu mojawapo: jeni inayoitwa DRO1, yake imekosa herufi moja tu kwenye DNA na protini inakatika kabla ya kumalizika. Wakachukua DRO1 nzima kutoka kwenye mpunga wa nchi kavu wa Ufilipino, Kinandang Patong, wakaiingiza kwa kuzalisha, mizizi ikaelekea chini na ukame ulipokuja mmea ukavuna maji ya kina na kutoa mavuno bora kuliko nduguye. Herufi moja. Na DRO1 ni ya ukoo ule ule wa LAZY, wale abiria. Mpunga wa porini nao unatambaa, na mwaka 2008 ikaonekana jeni ya PROG1 ilipoharibika ndo mpunga ukasimama wima, maana yake wakulima wa maelfu ya miaka iliyopita walikuwa wanachagua mmea unaousikiliza mvutano vizuri, bila kujua, walitaka tu mashina yabanane shamba litoshe.

Haya, nina dakika ngapi? Swali moja basi. Yule mama pale mbele.

(Aliuliza: mahindi yakishainuka, ile kona inanyooka tena?)

Hainyooki mama. Zile seli za chini zimeshajivuta na ukuta wake umeshakazwa, hakuna njia ya kuzirudisha. Kinachoweza kutokea ni shina kupita wima kidogo likaelekea upande wa pili, halafu upande ule wa pili nao unarefuka kidogo kurekebisha, ila kona ya kwanza inabaki. Na sio kifundo kimoja kinachofanya kazi yote, vinagawana, viwili vitatu, kila kimoja kinatoa nyuzi zake chache, vile vya chini vilivyozeeka vinakaa kimya maana vimeshapoteza uwezo. Kwa hiyo siku ya kukata mabua, shika lile lililopinda uhesabu vifundo vilivyokunjika. Ukikuta bua limepinda huku halafu kifundo cha juu yake kimepinda kule, pengine lililala mara mbili, na la pili upepo ulitoka upande mwingine, au lilipita wima likajirekebisha.